Ndani ya Kola

Mzee hakutaka kwenda. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye mtaani walisema ni kiherehere kilichompeleka. Mkutubi alikuja mwenyewe mpaka uani, akachuchumaa kando ya beseni, akaeleza kuwa kila Alhamisi saa kumi kuna chai katika chumba cha nyuma cha maktaba. Wazee wanakunywa, wanazungumza, na wanayoyazungumza yanaandikwa. Aliyaita urithi wa mtaa.

"Mimi nimefua nguo, binti yangu," Mzee akasema. "Urithi sina. Nina fangasi za vidole."

"Hata hizo tutaziandika."

Mama Vibanio akacheka. Yeye ndiye mke wa Dobi, na Dobi ni mtoto wa Mzee, na wote watatu waliishi humo humo walimofulia: vyumba viwili, ua wa saruji, kamba saba. Jina la Vibanio alipewa na wateja, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila vibanio vya nguo vimeng'ang'ania upindo wa blauzi yake. Alitaka Mzee aende. Tangu mikono yake ikatae kazi, Mzee alikuwa anakaa kwenye kigoda karibu na meza ya pasi, anasahihisha. Mkunjo huo, mwanangu. Kwapani hapo, mwanangu. Saa mbili za Alhamisi bila mkunjo zingekuwa likizo.

"Nenda, Baba. Chai ya bure."

"Chai ya bure hulipwa kwa maneno."

"Basi yatoe huko, hapa unayamalizia kwetu. Na kuandika nitakuandikia mimi."

Hapo Mzee akamtazama. Alijua kuwa mkwewe huyu aliachishwa shule akiwa wa tatu darasani, na kwamba alikuwa bado na daftari lake la insha chini ya godoro. Akaenda kwa ajili hiyo. Hilo nalo halikusemwa mtaani.

*

Chumba cha nyuma kilikuwa na viti vya plastiki, chupa mbili za chai, vikombe visivyofanana, na sahani ya biskuti ambazo Mkutubi alizigawa mbili mbili kama dawa. Waliokuja hawakuzidi tisa. Fundi Viatu alikuwa amewahi kiti cha karibu na chupa.

"Karibu, Mzee!" akapaza sauti. "Sasa mtaa umekamatika. Mimi nimewashika miguuni, wewe shingoni. Nani atatoroka?"

Mzee akakaa, akanywa kikombe cha kwanza bila neno. Wengine walieleza kisima cha zamani kilipokuwa, na mwaka ule mvua ilipobeba daraja. Mama Vibanio aliandika yote, hata yasiyomhusu. Kwenye kikombe cha pili, Mkutubi akamgeukia Mzee, akauliza swali ambalo watu huliuliza dobi na kusahau jibu: mashati meupe mia, unajuaje lipi la nani?

"Alama," Mzee akasema.

"Alama gani?"

Mzee akanyanyuka, akaenda nyuma ya kiti cha Fundi Viatu, akamgeuza kola kama anayemkagua mtoto chawa. Ndani, chini kabisa, palikuwa na kialama cha wino mweusi kisichozidi punje ya mchele.

"Nyundo," akasema. "Huyu nilimpa nyundo. Baba yake alikuwa na nyundo pia, ila imelala."

"Miaka yote hii nina nyundo shingoni sijui?" Fundi Viatu akasema. "Ndiyo maana kichwa kinaniuma!"

Walicheka mpaka Mkutubi akafuta macho. Mzee akaeleza: yeye hakusoma, na baba yake aliyemfundisha kazi hakusoma, kwa hiyo jina la mteja lingewasaidia nini? Kila nyumba ilipewa alama yake. Mtoto akioa, anachukua alama ya baba na kuongezewa kitu. Inawekwa kwa kijiti chembamba, ndani ya kola, kiunoni kwa suruali, pembeni kwa shuka. Wino hautoki. Nguo itachakaa, itakuwa tambara la kufutia vumbi, alama ipo.

"Una alama ngapi kichwani?"

"Zote."

Kimya kilichofuata hapo Mzee alikuwa hajawahi kukisikia maishani. Kilikuwa kimya cha watu wanaotaka aendelee. Alizoea kimya cha watu wanaosubiri aondoke mlangoni.

Njiani kurudi alitembea mbele ya mkwewe, haraka kidogo. "Alhamisi ni lini?" akauliza, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

*

Alhamisi ya tatu alikunywa vikombe vitatu. Mkutubi akasema leo kila mmoja atoe kisa kimoja kifanyiwe kazi vizuri, kiwe na mwanzo na mwisho, kibandikwe ukutani watu waje kusoma. Mnaruhusiwa kuongeza chumvi, akasema. Mnaruhusiwa kubuni. Zamu ya Mzee ilipofika, alishika kikombe kitupu kwa mikono miwili.

"Kulikuwa na mtu," akasema. "Ana nyumba kubwa, watoto sita, mke mwenye sauti. Alama yao mistari mitatu. Fungu lao huletwa na mtumishi kila Jumatatu. Basi Jumatatu moja akalileta mwenyewe. Nikashangaa, mtu mwenye mali kubeba nguo chafu. Nafungua, nakuta kishati cha shule. Kidogo hivi. Na watoto wake wote wakubwa, wengine wana ndevu. Nikamuuliza, hiki cha nani? Akatazama mlangoni. Akasema, weka na zangu. Ila kisirudi na zangu."

"Ukafanyaje?" Fundi Viatu akauliza. Biskuti ilikuwa mkononi, hajaila.

"Mistari mitatu na nukta. Ndiyo kazi. Nijue kimetoka kwake, nijue hakirudi kwake. Ijumaa jioni anakuja mama mmoja, ana sare ya uuguzi, anakichukua. Hakuuliza bei hata siku moja. Na mimi sikumwambia. Kilikuwa kimelipiwa."

Mtu mmoja akaguna.

"Kila mwaka kola inapanuka kidogo. Yule mtoto nilimwona akikua kwa shingo tu. Uso sikuujua. Halafu yule mtu akafa. Nikajua basi, hakuna tena. Jumatatu iliyofuata anaingia kijana mrefu, shati mkononi. Anasema, mama kaniambia nyinyi ndio mnatufulia. Nikageuza kola. Mistari mitatu na nukta. Nikapokea. Mpaka leo napokea."

Hakuna aliyepiga makofi. Mkutubi alikuwa ameshika kifua. Kalamu ya Mama Vibanio ilikuwa imesimama kwenye neno "leo."

Alikuwa anajua. Nani mwingine angejua kama si yeye anayepiga pasi? Mistari mitatu ilikuwa pembeni ya kila shuka la gesti ya Mama Mbao, mjane wa mwenye kiwanda cha mbao, vyumba ishirini, mashuka arobaini kila Jumatatu. Nusu ya kazi ya ua wao ilitoka kwake. Na mistari mitatu na nukta ilikuwa ndani ya mashati ya Karani wa posta, mtu wa shukrani na kujikohoza, ambaye mama yake muuguzi alizikwa mwaka juzi. Alikuwa ameviona vialama hivyo viwili kwa miaka kumi na moja, kimoja meza hii, kingine meza ile, na hakuwahi kuvikutanisha.

Usiku huo aliandika upya. Aliandika mara nne. Aliondoa sare ya uuguzi, akaweka "mama mmoja." Aliondoa watoto sita. Aliondoa "mpaka leo." Alipomaliza alimsomea Dobi, ambaye alikuwa amejilaza na miguu ukutani.

"Hakuna jina hata moja," akasema.

"Ni kweli kilitokea?"

"Hadithi tu ya Baba."

"Nzuri," Dobi akasema. Alikuwa na usingizi. Shuka alilojifunika lilikuwa lao, halina alama.

Asubuhi alimwonyesha Mzee ukurasa. Mzee hakuweza kuusoma, akaugeuza huku na huku.

"Alama iko wapi?"

"Nimeandika kwa maneno. Mistari mitatu na nukta."

"Ichore. Bila alama si hadithi yangu, ni ya mtu yeyote."

Akaichora, kubwa, juu ya ukurasa, kwa kijiti na wino wenyewe wa kazi. Ilipendeza. Hakuona hatari. Jina lilikuwa limetoka, na kwao jina ndilo lililokuwa siri. Alama ilikuwa kitu cha kazi, kama sabuni. Katika miaka yote ya ua ule hakuna mteja aliyewahi kugeuza kola yake kutazama ndani. Nani hufanya hivyo?

*

Kurasa zilibandikwa Jumatano. Alhamisi watu walikuja zaidi ya arobaini, chai ikaisha mapema, Mkutubi akakopa sufuria kwa jirani. Ukurasa wa Mzee ndio uliokuwa katikati ya ukuta. Mkutubi aliwaambia watu, huku akimshika Mama Vibanio bega, kuwa mwandiko huo ungefaa kitabuni. Mama Vibanio alikuwa ameviacha vibanio nyumbani siku hiyo. Alisimama, mikono haijui pa kukaa.

Fundi Viatu ndiye aliyeanzisha. "Mimi ni nyundo!" akatangaza, akageuza kola, akazunguka nayo chumba kizima. "Nyundo nyingine ni nani hapa? Njoo tukupime undugu!"

Watu wakaanza kugeuzana kola. Mwalimu wa hesabu alikuwa samaki. Muuza mkaa alikuwa mwezi mwandamo, akasema amependa. Mabinti wawili waligundua mama yao amenunua magauni yao mtumba kutoka nyumba ya jirani, wakanyamaza. Kicheko kilitoka nje na watu, kikaenda nao majumbani. Jumamosi mtaa mzima ulikuwa umesimama mbele ya makabati, unageuza nguo. Kiunoni, kwapani, pembeni mwa foronya. Wewe nani? Mimi nanasi. Wewe?

Msichana anayetandika vitanda gesti alikuwa amekuja kusoma ukutani siku hiyo ya Alhamisi. Alisoma mara mbili. Hakugeuza kola ya mtu.

*

Jumatatu mashuka hayakuja.

Dobi alisubiri mpaka saa nne. Maji yalikuwa yameshachemka, wanga umeshakorogwa. Akavaa shati safi, akaenda gesti. Alipita mlango wa nyuma kama siku zote, msichana wa vitanda akamwambia azunguke mbele. Mbele akaambiwa asubiri nje. Alisimama juani karibu nusu saa, wageni wawili wakimuuliza bei ya chumba.

Mama Mbao alitoka na miwani kichwani. Hakumkaribisha ndani.

"Shikamoo, Mama."

"Umefuata nini?"

"Mashuka, Mama. Leo Jumatatu."

"Mashuka." Akalitafuna neno hilo. "Miaka thelathini nawapa mashuka mfue. Kumbe mlikuwa mnayasoma."

"Mama, Mzee ni mtu mzima, walimpa chai wakamwambia atunge..."

"Atunge? Mume wangu alikuwa na mistari mitatu au hakuwa nayo?"

Dobi akashika kola ya shati lake.

"Nimeuliza. Nina mashuka themanini humo ndani yananiambia. Mnataka niyachome? Wanangu wamenipigia simu, wote sita, kila mmoja ananiuliza kama nilijua. Unajua kipi kibaya? Nilijua. Nilijua miaka yote, nikakaa nalo, nikazeeka nalo, sikumpa mtu. Sasa naulizwa na msichana anayetandika kitanda kama niko salama."

"Tusamehe, Mama."

"Simama hapo hapo." Aliingia, akatoka na kifurushi cha plastiki: foronya mbili na taulo, vitu vya nyumba nyingine ambavyo Dobi aliwahi kuvileta hapo kwa makosa. "Hivi si vyangu. Mtakuwa mnajua ni vya nani, nyinyi mnajua kila kitu."

Dobi alirudi nyumbani kwa njia ndefu. Alipofika alikuta watu wawili uani, wamesimama mbali mbali, kila mmoja anadai nguo zake.

"Bado ni mbichi, dada," Mama Vibanio alikuwa anamwambia mmoja wao.

"Nipe hivyo hivyo."

"Zitanuka."

"Zitanuka kwangu."

Akazianua zikichuruzika, akamwekea kwenye beseni. Mwanamke yule aliondoka akiacha mstari wa maji mpaka barabarani. Wa pili alisema amenunua pasi ya umeme, na akasema kwa adabu sana, akarudia mara mbili. Mwalimu wa hesabu alimtuma mtu. Muuza mkaa, aliyependa mwezi wake, alikuja mwenyewe, akasema hana neno nao, ila mkewe hataki. Fundi Viatu hakuja kuchukua, lakini hakuleta tena.

Hakuna aliyegombana. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulijibu. Wateja walikuwa wameketi usiku majumbani mwao wakikumbuka yale waliyowahi kupeleka kwa dobi bila kufikiri: mashuka ya mtoto wa miaka kumi na nne anayekojoa, shati lenye rangi ya mdomo, suruali yenye damu ambayo haikuelezwa. Mzee alikuwa amesema anazo alama zote kichwani. Walimwamini.

*

"Dobi hana macho," Dobi alimwambia baba yake jioni hiyo. Hakupaza sauti. "Nani alinifundisha? Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuta pesa mfukoni mwa suruali nikauliza ya nani, ukanizaba kibao. Ukasema dobi hana macho, hana pua, hana mdomo, ana mikono. Ulisema hujasema?"

Mzee alikuwa kwenye kigoda. Alitazama pasi, ambayo ilikuwa baridi.

"Nakuuliza, Baba."

"Mwache," Mama Vibanio akasema.

"Na wewe. Hadithi tu ya Baba. Si uliniambia hivyo?"

"Niliondoa majina."

"Uliondoa majina ukaweka picha!"

Kweli ilikuwa hiyo, na ilikuwa imekaa wazi kiasi cha kuchekesha. Angekuwa mtu mwingine wangecheka. Mama Vibanio akaenda ndani, akatoa daftari chini ya godoro, akalitazama, akalirudisha. Hakulia. Alijisikia kama mkono uliokaa ndani ya maji siku nzima, unauona ni wako lakini ukiubana hauumi.

Tangu jioni hiyo Mzee hakusema. Alikula akiwekewa. Akisalimiwa aliinua kidevu. Hakusahihisha mkunjo, na haikuwepo mikunjo ya kusahihisha.

Jumatano Mama Vibanio alianza kuanika nguo zao wenyewe. Alizitoa kabatini zikiwa safi, akazilowesha, akazikamua, akazitandaza kamba ya mbele inayoonekana barabarani. Mtu akipita aone kazi ipo. Jioni anaanua, asubuhi anaanika tena. Siku ya tatu mwanamke wa duka la ng'ambo akamwita.

"Mama Vibanio! Hilo gauni lako la njano lina uchafu gani usiotoka?"

"Jicho," Mama Vibanio akajibu. "Lina jicho la mtu." Lakini kesho yake hakulianika lile la njano.

*

Mkutubi alikuja Ijumaa na bahasha. Ndani ulikuwemo ukurasa, umekunjwa mara mbili, bado una gundi pembeni. Alikuwa ameubandua mwenyewe. Alisema anasikitika. Alisema hakujua. Alisema kikundi kimemkosa Mzee jana, chai imepoa kwenye chupa.

"Wangapi walikuja?" Mama Vibanio akauliza.

"Thelathini na kitu."

"Wanakuja kusikia ya nani mwingine?"

Mkutubi akainamisha uso. Alikuwa mtu mzuri, na hakuwa na mahali pa kukaa, kwa kuwa kiti cha pekee kilikuwa kimewekwa pasi. "Urithi una maumivu yake," akasema kwa sauti ndogo.

"Dada, wewe ukibandua karatasi umemaliza. Tazama kamba zile."

Mkutubi akazitazama. Zilikuwa saba, na nguo kwenye moja. Akamsogelea Mzee, akamwamkia shikamoo. Mzee akainua kidevu. Akaweka pakiti mbili za majani ya chai juu ya kizingiti kisha akaondoka. Hakuna aliyezigusa mpaka chungu walipoanza kuzipanda.

*

Jumatatu ya pili, saa moja asubuhi, kabla posta haijafunguliwa, Karani alisimama mlangoni mwa ua na fungu lake.

Alikuwa amekuja kila Jumatatu kwa miaka mingi, isipokuwa ile iliyopita, na saa hiyo hiyo. Mashati kumi meupe alikuwa nayo: matano anayavaa, matano yako kwao. Dobi alimwona, akaacha ufagio. Mama Vibanio alitoka ndani, akasimama mlangoni. Walikuwa wamejiandaa kwa matusi. Walikuwa wameyasubiri kwa wiki nzima na wangeyapokea kama mshahara.

Karani akajikohoza. "Habari za asubuhi."

"Nzuri, kaka. Karibu."

"Ijumaa, kama kawaida?"

"Ijumaa," Dobi akasema. "Kama kawaida."

Karani akaweka fungu mezani. Hakuondoka. Alikuwa anamtazama Mzee kwenye kigoda. Mzee naye alikuwa anamtazama yeye, si usoni, shingoni, pale shati lilipofungwa mpaka kifungo cha juu.

"Mzee," Karani akasema. "Kile kishati, alikuwa anakileta mwenyewe?"

Mzee akainua kidevu, halafu akakishusha. Ndiyo.

"Au siku nyingine anatuma mtu?"

Mzee akatikisa kichwa. Hapana.

"Siku gani?"

Mama Vibanio alidhani Mzee hatajibu, maana hakuwa na neno tangu Jumatatu ile. Lakini swali hilo halikuwa na ishara ya kichwa.

"Jumatatu," Mzee akasema. Sauti ilikuwa na kutu.

"Jumatatu," Karani akarudia. Akatazama saa yake, kama mtu aliyeambiwa muda wa basi. Alijikohoza, akashukuru, akatoka. Barabarani walimwona anasimama kidogo mbele ya gesti, upande wa pili, halafu anaendelea na safari ya kazini.

Mama Vibanio akafungua fungu. Lilikuwa fungu lile lile la siku zote, limefungwa kwa mikono ya shati la juu. Akageuza kola ya kwanza kutafuta alama, kwa mazoea, na kidole chake kikazama.

Palikuwa na tundu. La mraba, ukubwa wa stempu, limekatwa kwa mkasi mkali na mkono usio na haraka. Lilikatwa upande wa ndani tu. Kwa nje kola ilikuwa nzima, mtu angempita Karani kaunta asione kitu. La pili lilikuwa hivyo hivyo. La tatu. Akayapanga yote matano mezani, kola juu, na Dobi akasogea, na wote wawili wakatazama pale palipokuwa na mistari mitatu na nukta, wasiione.

"Tumshonee?" Dobi akauliza.

"Hajasema tushone."

"Sasa?"

Mama Vibanio akachukua kijiti na kichupa cha wino. Shati halifuliwi bila alama, hilo lilikuwa la kwanza kabisa alilofundishwa siku alipoolewa humo. Akachovya. Akabaki na kijiti hewani, tone likikusanyika nchani.

"Baba," akaita. "Huyu nimpe alama gani sasa?"

Mzee akanyanyuka. Ilimchukua muda. Akaja mezani, akavuta shati moja, akalileta karibu na macho, akapitisha kidole chake kilichoharibika ndani ya tundu, kikagota kwenye kitambaa cha nje. Akakikaza hapo.

"Usiandike," akasema.

"Ijumaa tutayajuaje?"

"Tutayajua."

Akarudi kwenye kigoda. Mama Vibanio akafuta kijiti kwenye tambara, akafunga kichupa. Mashuka ya gesti hayakurudi, wala hayakuwa ya kurudi, na hilo kila mmoja uani alilijua bila kulitaja. Dobi akawasha moto chini ya sufuria. Mashati matano hayahitaji maji mengi.

Yalipokuwa tayari, Mama Vibanio alikwenda kamba ya mbele. Akaanua nguo zao wenyewe, zilizokuwa zimeshakauka, akazikunja, akazirudisha kabatini. Halafu akatoa vibanio kwenye upindo wa blauzi, akaanika lile fungu, shati kwa shati. Nafasi kati ya moja na jingine aliiacha pana, ili kamba ijae.